Tabo ya Rael

Hanga za waya za madam, za kutundikia nguo, zilikuwa ishirini na mbili. Asubuhi hiyo zilibaki nne, na roli nzima ya foili ya jikoni ilikuwa imebaki kibomba chake cha karatasi tu.

"Rael! Foili iko wapi? Siku hizi unakula foili?"

"Muulize Rakan, madam."

"Nakuuliza wewe. Rakan hapiki."

Rael alilimeza jibu. Jibu lenyewe lilikuwa hili: mwanao hapiki, na kuchomelea pia hajui. Hanga zako zimekunjwa kuonyesha njia ambayo mabomba ya egzosi yatapita. Foili yako imeziba midomo ya mabomba hayo ili gesi ijae ndani, chuma kisiungue kwa ule upande usioonekana. Na aliyekunja na kuziba ni mimi, huyuhuyu unayemfokea, kati ya kuanika nguo zako na kukaanga vitunguu vyako.

Lakini angeyasema kwa Kiarabu gani? Kusikia alisikia mengi, ila Kiarabu chake cha kusema kilikuwa cha kuokoteza sakafuni pamoja na makombo: yalla, twende; halas, basi, imekwisha; mafi, hakuna; bukra, kesho. Mtu hawezi kukasirika vizuri kwa maneno manne.

Na hasira alikuwa nayo, jamani, imemjaa hadi kooni. Mkataba wake katika nyumba hii ya Al-Naseem, Riyadh, ulikuwa umeisha mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa. Huko Eldoret binti yake Shirleen alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake chumbani, mama yuko Arabuni anafuta vioo vya watu. Rael aliapa kwamba hii ya pili itamkuta kando ya kitanda, amemshika mkono. Kilichomzuia hakikuwa na uzito wala harufu: huruji, ile ruhusa ya kuondoka nchini ambayo kafili, mwajiri aliyekudhamini, huitoa kwa kubonyeza simu. Kidole kimoja tu, basi.

Na kila alipoiuliza, Rakan alijibu: "Gari halas, wewe Kenya." Gari likiisha, utaenda kwenu. Lakini gari lile halikuisha. Likipata hiki, linataka kile.

Mambo yenyewe yalianza na kicheko. Rakan alikuwa mwana wa pekee, miaka ishirini na minne, ndevu zimechongwa kwa kinyozi kila Alhamisi. Alinunua pikapu kuukuu yenye injini ya silinda sita, akawatangazia wafuasi wake mtandaoni kwamba ataifunga tabo, na kila kipande atakiunda mwenyewe hapo nyumbani. Tabo, kwa asiyeijua, ni kama konokono wa chuma mwenye mapanga mawili ya feni ndani. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha panga moja, na panga la pili huisukumia injini hewa mpaka ishibe.

Rael alipenda vitendawili tangu utotoni. Basi alimtegea Shirleen kwa simu:

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nakula uchafu wako, nakurudishia nguvu."

Shirleen hata hakufikiri. "Ni wewe, mama, huko uliko."

Rael hakudai mji, wala hakumwambia kwamba jibu alilokusudia ni tabo. Alikata simu akaenda kuosha bafu.

Siku ya kicheko, alikuwa anaanika mashuka kwenye hoshi, ule uwanja wa nyuma uliozungukwa na ukuta. Rakan alikuwa amepiga magoti na mashine mpya ya kuchomelea, upepo unampeperushia gesi yote, naye hajui. Chuma kikatoka na vinundu vyeusi kama mavi ya mbuzi. Rael akacheka. Hakukusudia. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika karakana ya mumewe, marehemu Robinson, akiunda egzosi za matrekta na kuziba matangi ya maziwa, akiona kazi ya namna ile hucheka au hulia.

"Unacheka nini? Haya, shika wewe!" Rakan akamsukumia kishikio cha kuchomelea, kwa dharau.

Rael akashika. Akasogeza shuka moja likakinga upepo, akavaa kofia ya kioo, akachomelea kwa pumzi moja. Alipoinua kofia, mshono ulikuwa umelala kama magamba ya samaki, moja juu ya jingine. Rakan akatoa simu yake.

"Rudia," akasema. "Lakini vaa glavu."

Hapo ndipo alipopaswa kukimbia! Glavu zile zilikuwa nene, nyeusi, kubwa. Ndani yake mkono hauna jinsia, hauna rangi, hauna pasipoti. Rakan akawa anapiga picha mikono tu, halafu sauti yake anaiweka juu: leo nimeunda hiki, kesho nitaunda kile. Watu laki mbili wakamsifu. Rael aliunda manifoli yote, njia sita zenye urefu sawa zikikutana mdomoni mwa tabo. Akaunda mabano ya kuishikilia tabo, akaunda bomba la kurudisha mafuta. Aliamka kabla ya alfajiri amalize kufagia ndipo apate muda wa gari. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. "Gari halas, wewe Kenya." Mwezi wa sita, wa saba.

"Mama Shirleen, wewe umejiuza mwenyewe," aliambiwa na Bonface, dereva wa nyumba ile, Mkenya mwenzake aliyekaa Arabuni miaka kumi na mmoja. "Ungeacha achomelee mavi yake ya mbuzi."

"Angemaliza lini? Anayetaka liishe ni mimi, si yeye."

"Ndiyo maana haliishi."

Mwishoni mwa mwezi wa tisa familia nzima ilishuka Jeddah, nyumbani kwa kaka yake baba wa Rakan. Pikapu ilibebwa juu ya lori, na Rael alibebwa nyuma pamoja na masufuria. Rakan alikuwa amewaalika vijana thelathini waje kuona injini ikiwashwa mara ya kwanza. "Hii ndiyo ya mwisho," alimwambia Rael. "Ikinguruma, halas kabisa. Huruji."

Baada ya sala ya alasiri vijana walijaa uani, kila mmoja ameinua simu. Wazee walikaa kwenye mazulia upande wa kivuli. Rael alitoka jikoni na sinia la tende na birika la kahawa, akapita karibu na gari, akatupa jicho chini ya boneti.

Akasimama.

Bomba lake halikuwepo. Lile la kurudisha mafuta, nene, jeusi, limenyooka kuelekea chini kama mvua. Tabo huzunguka kwa kasi ya ajabu, na huponea mafuta yanayopita katikati yake kisha kuanguka kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye sampu, lile karai la mafuta chini ya injini. Hakuna pampu ya kuyavuta. Mahali pake Rakan alikuwa ameweka mpira mwembamba uliosukwa kwa nyuzi za fedha, unang'aa, wa kupendeza kwenye picha. Na mpira ule ulipanda kwanza, ukajipinda kama shingo ya bata, ndipo ukashuka. Mafuta yatapanda vipi?

Rakan tayari alikuwa ndani, mkono kwenye ufunguo. Injini ikawaka. Ikanguruma kama simba, na tabo ikaanza kupiga mluzi.

"Hatari!" Rael akapiga kelele. "Rakan, hatari! Hatari!"

Rakan akamwona kupitia kioo, akatabasamu. Vijana wakadaka neno lile wakalipokea kama wimbo: "Hatiri! Hatiri! Hatiri!" Maana kwa vijana wa Kisaudi hatiri ni sifa, ni kusema kitu kimepita kiasi kwa uzuri. Neno ni lile lile moja, lakini mmoja anapiga mbiu na wenzake wanapiga makofi. Rakan akakanyaga mafuta zaidi.

Rael akatafuta neno jingine katika yale manne yake. "Halas!" akapasua koo. "Halas!"

Rakan akatoa kidole gumba dirishani. Naam, gari halas. Si ndivyo alivyomwahidi?

Moshi wa buluu ukamiminika nyuma ya gari, mzito, unanuka. Mafuta yaliyokosa njia yalivuja kutoka kwenye tabo yakaangukia manifoli, nayo ilikuwa imeiva nyekundu. Moto ukalipuka kwa sauti ndogo tu, puf, kama mtu anayezima mshumaa. Vijana wakatawanyika. Bonface ndiye aliyekuja mbio na mtungi wa kuzimia moto kutoka gari la familia, akaipaka injini yote unga mweupe.

Simu zote bado ziko juu.

Kijana mmoja akacheka. "Rakan, si ulisema umeijenga kwa mikono yako?"

Rakan alitoka garini, nyusi zimejaa unga, akaangalia huku na huku kama anayetafuta mahali pa kutua mzigo. Akamwona Rael na sinia lake.

"Ni huyu!" akasema, kidole kimenyooka. "Mfanyakazi ndiye aliyechomelea. Yeye ndiye aliyeharibu!"

Hebu fikiria. Miezi saba hakutajwa hata mara moja. Leo ndiyo anatajwa, na anatajwa kwa moto. Rakan akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini: "Utalitengeneza. Huendi popote mpaka ulitengeneze."

Rael akaweka sinia chini. Tende mbili zikabingirika mchangani, hakuziokota.

"Bonface, njoo unisemee. Usipunguze neno hata moja."

"Mama Shirleen, tutafukuzwa sisi!"

"Si ndicho ninachokililia miezi saba sasa, nifukuzwe? Njoo!"

Akavuka ua mpaka upande wa wazee, ambako mfanyakazi wa kike hafiki ila na birika, akasimama mbele ya baba yake Rakan, kafili wake.

"Baba, nina kitendawili. Kikiwa kizima ni cha Rakan. Kikiungua ni cha Rael. Kina mwenyewe, au hakina?"

Bonface akatafsiri, jasho linamtiririka. Mzee mmoja akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Rael hakungoja jibu. "Kama ni chake, akitengeneze yeye. Kama ni changu, nilikimaliza wiki iliyopita kikiwa kizima, bomba likiwa bomba, na nilichoahidiwa kikiisha ni huruji. Nataka huruji yangu. Mwanangu anazaa."

Baba akashusha kikombe. "Huruji gani? Rakan aliniambia umeomba kukaa mwaka mwingine. Simu ni yeye anayenibonyezea, mimi mambo hayo siyajui."

Hapo wengine wangelainika, wakasema kumbe mzee hana kosa. Rael hakulainika. Aliona tu hasira yake imepata mtu wa pili.

"Alikuambia. Na mimi je? Miezi saba nimekupakulia chakula, asubuhi, mchana, jioni. Umeniambia ongeza chumvi, umeniambia leta maji. Ulikuwa na ulimi, baba. Mbona hukuniuliza?"

Bonface alisita. "Hilo nalo niliseme?"

"Hilo hasa."

Akalisema. Baba aliwatazama wageni, akazitazama simu zilizoinuliwa, masikio yakamwiva. Kisha akaita, "Rakan!" kwa sauti ambayo hata paka wa jirani alitoka ukutani. Rakan akaja, akapangusa unga vidoleni, akapewa simu ya baba yake. Akabonyeza. Haikuchukua hata muda wa yai kuiva. Simu ya Rael ikalia mfukoni mwa aproni, na Bonface akamsomea: imetoka.

"Na tikiti," Rael akasema, bila kuondoka. "Ya kutoka hapa Jeddah. Kesho."

Madam alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Ya nini haraka hivyo? Bukra tunarudi Riyadh wote. Utachukua sanduku lako, uende wiki ijayo kwa utaratibu."

Sanduku! Chini ya kitanda chake Al-Naseem kulikuwa na sanduku lililojaa soksi ndogo, kofia za sufu, shali ya manjano, vitu alivyokusanya kimoja kimoja tangu Shirleen amwambie. Moyo ulimkata. Lakini bukra alikuwa anaijua. Bukra ndiyo iliyomla kutoka mwezi wa pili.

"Sanduku mpe atakayekuja baada yangu," akasema. "Yalla, Bonface."

Bonface alikuwa na dada yake aliyepanga chumba Al-Hindawiyah, humo humo Jeddah, na wanawake wengine wawili wa Kenya. Tikiti ya kesho ilikatwa kwa simu ile ile ya baba, na Rael angelala huko hadi saa ya ndege. Alipanda gari na kifuko chake cha nguo za siku tatu. Kabla halijaondoka, Rakan akagonga kioo. Ameshika ule mpira wake wa fedha, umeyeyuka upande mmoja, na sauti yake sasa ilikuwa ya adabu.

"Rael, niambie tu. Nilikosea wapi? Upana, au pembe?"

Rael alimtazama. Jibu lilikuwa ulimini, fupi, rahisi, na safari hii Bonface yuko pale wa kulitafsiri. Akabonyeza kitufe, kioo kikapanda mpaka juu.

Walikuwa wameshafika barabara kubwa Bonface alipotikisa kichwa. "Si ungemwambia tu, Mama Shirleen? Hilo bomba: lishuke. Ni neno moja."

"Neno moja?" Rael akamgeukia, na macho yake bado yalikuwa yanawaka. "Mimi nimengoja neno moja miezi saba. Naye angoje. Endesha."