Ngazi ya Shemeji

Seremala alikuwa na msemo wake kwa wateja: "Mbao iliyobunguliwa haizibwi, hubadilishwa." Ila ngazi ya shemeji yake aliiziba. Kipandio kimoja kilikuwa kimeliwa na wadudu kwa ndani, mbao nzuri zilikuwa zimeisha, na uvivu nao una maneno matamu. Akachanganya unga wa mbao na gundi, akajaza matundu, akapiga msasa, akapaka vanishi. Kikang'aa kuliko wenzake.

"Shemeji, hii itanifikisha mbinguni?" alitania shemeji yake, fundi wa kupaka rangi nyumba, akijipigapiga tumbo.

"Ikikuchoka itakushusha."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Ikamshusha kweli, na hakuinuka tena. Tangu mazishi, kila asubuhi kabla ya kushika randa, seremala alipiga magoti kwenye maranda akaomba: "Mungu wangu, nisitiri. Nipe moyo mpya." Akiinuka, moyo ulikuwa ule ule.

Asubuhi moja dada yake, mjane wa marehemu, aliingia karakanani akiiburuta ile ngazi.

"Kaka, nibadilishie hiki kilichovunjika. Mdogo wake marehemu anaitaka kazini."

"Iache hapo, mdogo wangu."

Ahueni ikampitia mwili mzima. Angeweka kipandio kipya, kile cha zamani akitie motoni, yaishe. Kumbe Mungu amemsitiri.

Lakini dada hakuondoka. Alikaa juu ya gogo, akajiinamia.

"Siendi tena kaburini. Wanasema alikanyaga vibaya, alikuwa amelewa. Mwanzo nilikuwa nabisha, kaka. Siku hizi nami naamini. Nikimkumbuka, namtukana."

Seremala akakitazama kipandio. Pale kilipokatika, gundi iliyokauka ilionekana kama ukoko wa sufuria. Hakuna aliyejua maana yake ila yeye. Ndipo akaelewa alichokuwa akikiomba siku zote: Mungu naye aje na gundi, amzibe, ampake vanishi.

Akachukua patasi, akakwangua. Unga ukamwagika miguuni pa dada yake.

"Hakuwa amelewa. Hapa palikuwa pamebunguliwa, nikapaziba."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Dada akaukung'uta unga miguuni, polepole.

"Na pale msibani, waliposema pombe, ulikuwa umekaa ubavuni kwangu."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umenishika mkono."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Msamaha? Leo sina, kaka. Usinitafute." Akasimama, akaishika ngazi. "Hii nitaipeleka kwa fundi."

Alipobaki peke yake, seremala alipiga magoti palepale. Neno "nisitiri" likamkwama kooni, na jingine hakuwa nalo. Akakaa hivyo, patasi mkononi, mdomo wazi, akisikiliza miguu ya ngazi ikikwaruza barabara. Haikuelekea nyumbani. Ilielekea makaburini.