Upande wa Chini wa Jani

Zamani kila asubuhi mwanga ulipita kwenye majani ya mhibiskasi wako, ule mti wa maua ulio nje ya dirisha, ukaingia chumba changu cha ushonaji, ukatua mezani juu ya vumbi la chaki, nami nikaanza kukata nguo za watu. Tangu tulipokuzika, mume wangu, mwanga ukawa unakuja umechoka. Majani yalivaa ukungu mweusi kama masizi ya sufuria, na chumba kikaingia giza mchana kweupe.

Niliyaosha. Jani kwa jani, kwa kitambaa cha pamba na maji ya uvuguvugu, niliyaosha. Kesho yake weusi umerudi. Nikaosha tena. Mama yako, aliyekuja msibani akabaki nami, alinitazama kutoka mlangoni.

"Mwanangu, mti unauogesha kila siku. Wewe mwenyewe umeoga lini?"

Sikucheka. Niliogopa. Mti huu uliupanda kwa mikono yako, na mikono yako sina tena. Mti huu nao ukifa, nibaki namwagilia nini?

Siku moja nilikuwa nakagua gauni la mteja. Kwa nje lilipendeza. Nikaligeuza, kama ninavyogeuza kila nguo, maana mshono mbovu hujificha ndani. Mkono ukasita. Nikatoka nje, nikaligeuza jani.

Walikuwa huko. Vidukari, wadudu wadogo kuliko kichwa cha pini, wamejazana kwenye mishipa ya jani, wananyonya. Majimaji matamu yaliyowatoka yalidondokea majani ya chini yao, yakanata, na juu ya utamu huo ukungu ukaota. Muda wote huo nafuta weusi wa juu, kumbe chini mti wako unanyonywa.

Nikayeyusha sabuni ya kipande kwenye maji, nikapuliza, chini ya kila jani, jioni jua likiwa limepoa. Nikapuliza tena, na tena. Mti ukaanza kupumua. Ila tawi moja, lile la dirishani, lilikataa. Lilijikunja, likanata, wadudu wakajaa hadi kwenye vitumba. Na tawi hilo ndilo ulilolifunga kwa upindo wa shati lako, ulipokuwa bado unaweza kusimama.

Mimi ninayekata vitambaa kutwa, mkasi ulinishinda. Nikaurudisha mfukoni. Nikautoa tena. Tawi likibaki, wadudu watauvamia mti mzima. Tawi likiondoka, fundo lako linaondoka nalo. Nilikuchukia kidogo, nikwambie ukweli, kwa kulifunga vizuri namna ile.

Kisha nikakata.

Lilianguka bila kishindo. Dirisha likawa wazi, na mimi nimekaa chini, nalia. Makaburini sikulia. Nyumbani, mbele ya watu, sikulia. Wakanisifu, wakasema nina moyo. Moyo gani? Nililia mpaka kamasi zikanitoka, nikiita jina lako.

Mama yako akaja. Nilidhani atanibembeleza. Hakunibembeleza. Aliutazama mti kutoka juu hadi chini, akaona tawi jingine, dogo, nalo limejikunja. Akanyoosha mkono.

"Lete mkasi," alisema. "Hilo nitalikata mimi. Aliyeupanda mti huu nilimzaa mimi."