Vivuli Havina Breki

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatatu, fundi baiskeli alikuwa ameipindua baiskeli ya mwalimu miguu juu, ananyoosha gurudumu la mbele kwa kukaza spoku moja na kulegeza jirani yake, kivuli cha mdogo wake kilipoingia karakanani. Kilivuka kizingiti, kikapita juu ya beseni la maji ya kutafutia pancha bila kulowa, kikaegemea ukuta chini ya tairi kuukuu. Kilikuwa kivuli cha mwanamke aliyepanda baiskeli yenye sanduku la mikate nyuma. Fundi alikitambua kwa kofia, ile kofia pana ambayo dada mtu aligoma kuivua hata siku ya harusi ya binamu yao.

"Umefika," fundi alikiambia, akaendelea na spoku yake.

Mwenyewe alifika baada ya dakika tatu, anaisukuma baiskeli kwa mkono, soli ya kiatu cha kulia inafuka moshi kidogo. Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha shule tu. Watu wote walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo.

"Kaka, kimepita huku?"

"Hicho hapo."

"Siku hizi kina haraka hicho, utadhani kimeahidiwa posa." Chiriku alikwenda kusimama palepale miguu ya kivuli ilipokuwa, wakaungana, akaomba maji ya kunywa.

Kiwanda cha mikate kilikuwa juu ya mteremko, na waendesha baiskeli wake kumi na mmoja walishuka kila asubuhi na masanduku ya mikate ya moto. Chini ya mteremko reli ilikata barabara. Palikuwa na nguzo mbili za kizuizi, ila mti wenyewe wa kizuizi uliondolewa kwenda kupakwa rangi, na rangi ilikuwa haijakauka kwa mwaka wa nne. Treni ilipita saa mbili kasorobo. Karakana ya fundi ilikuwa ng'ambo ya reli, hatua thelathini.

Jambo la vivuli lilianza polepole. Mwanzoni mtu akifunga breki, yeye na baiskeli husimama, na kivuli huongeza hatua moja mbele, kisha hugeuka kumtafuta. Baadaye hatua zikawa tano, kumi, ishirini. Mtaa ulizoea. Muuza mitungi alijifunza kusogeza mitungi yake, na mshona viatu wa katikati ya mteremko, ambaye ndiye mtu pekee aliyenenepa mwaka ule, alisema waziwazi kwamba anaomba hali iendelee, kwa kuwa watu waliokuwa wakisimamisha baiskeli kwa soli walihitaji soli. Siku za mawingu vivuli havikuonekana, lakini vilifika, vikajulikana kwa harufu ya mkate.

Fundi naye alizoea kama wengine, mpaka asubuhi ile. Ilikuwa mara ya kwanza kivuli cha dada yake kuvuka reli. Alipomaliza gurudumu la mwalimu alikaa chini, akafikiri kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu, akapata jibu ambalo halikumpendeza. Kivuli hakikuwa na haraka wala kiburi. Kilikwenda mpaka pale ambapo mwenyewe angefika kama asingekuwa na viatu.

Alipitisha kidole kwenye rimu ya baiskeli ya Chiriku. Kidole kiliteleza, kikazunguka nusu gurudumu bila kukwama popote. Akakinusa.

"Chiriku, hiki ni nini?"

"Mafuta ya trei," dada alijibu, bila hata chembe ya haya. "Leo kulikuwa na ukaguzi."

Hapo fundi alielezwa mambo ambayo watu wa kiwandani waliyajua na wengine hawakuyajua. Tajiri mwenye kiwanda alikagua baiskeli kila Jumatatu kwa kitambaa cheupe. Hakugusa cheni, hakugusa breki. Alifuta rimu, na rimu iliyong'aa kuliko zote ilifungwa utepe mwekundu kwa wiki nzima. Jumapili jioni wote kumi na mmoja hukaa uani kiwandani, wanazisugua rimu za chuma kwa mafuta yaleyale ya kupaka trei ili mikate isigande, kwa soksi kuukuu, mpaka mtu aone meno yake mwenyewe.

"Na mnafungaje breki?"

"Tunafunga tu. Kaka, mimi nimechukua utepe mara nne! Mara nne! Hakuna aliyefikisha hata mbili." Akanyoosha shingo kidogo aliposema hivyo, na kivuli chake ukutani kikanyoosha shingo.

Fundi alimpenda sana mdogo wake. Alimfundisha yeye mwenyewe kuendesha, akikimbia nyuma na kushika siti, na alikuwa bado hajapona vizuri hofu ya siku ile alipoachia mkono. Alitaka kumfokea, akakumbuka kwamba kumfokea Chiriku ni kumpigia zumari mtu ambaye tayari anacheza. Akamwambia tu kwamba Jumapili, siku isiyo na treni, angependa kumwomba msaada wa kujaribu breki.

Jumapili walikuja watatu: fundi, Chiriku, na mama yao, aliyekuja na kigoda na chaki kwa sababu alisema hawezi kukosa jambo ambalo watoto wake wote wawili wamekubaliana juu yake. Fundi alileta baiskeli tatu. Ya kwanza, ya kiwanda, ilikuwa na breki za fito, zile za kizamani ambazo vyuma virefu huvuta raba kutoka chini zikabana rimu kwa ndani. Ya pili ilikuwa na breki za waya zinazouma rimu pande zote mbili kama koleo. Ya tatu ilikuwa na mikono miwili mirefu iliyosimama kila upande wa gurudumu, nayo fundi aliipenda kuliko zote, hata akaishusha begani kama mtoto aliyelala.

Alipiga mstari wa chaki juu kidogo ya reli. Chiriku angeshuka, angefunga breki kwenye mstari, na miguu yake isiguse chini. Mama angeweka alama kivuli kitakaposimama.

Walianza na rimu zenye mafuta. Breki za fito zilibana, zikanung'unika, na baiskeli ikaenda zake mpaka kwenye nguzo ya kizuizi. Kivuli kilivuka reli, kikapita karakana, kikapotea kwenye kona. Ilibidi kingojewe robo saa. Kiliporudi mama alikionya kwa kidole. "We binti, mwenzio yuko huku, wewe unakwenda kwa nani?" Breki za koleo zilifanya vizuri kidogo tu. Fundi alikuwa na matumaini makubwa na ile ya mikono miwili, akaifunga raba laini nyeusi, akazikalisha ncha za mbele ziguse rimu kwanza ili zisipige kelele. Zilishika kwa muda wa kupepesa jicho, kisha nazo zikala mafuta, zikateleza. Kivuli kilianguka kifudifudi katikati ya reli, kikakaa pale.

Chiriku alikitazama. Kilikuwa kimelala juu ya vyuma viwili, kofia upande huu, miguu upande ule, na baiskeli katikati. Akaivua kofia yake mwenyewe. Mama aliinuka kwenye kigoda, akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

"Asiyesikia la mkuu," mama alianza.

"Nimesikia, mama," Chiriku alisema taratibu. "Nimesikia."

Kisha fundi aliosha rimu zote kwa maji na sabuni, akazikausha, na wakarudia. Hapo kazi ikawa ya raha. Ya mikono miwili yenye raba laini ilisimama pale ilipoambiwa, na kivuli kikasimama nayo, kikamgonga Chiriku mgongoni kwa kuwa hakikutegemea. Za koleo zilizidisha hatua mbili. Hata zile fito za kizamani, ambazo fundi alikuwa tayari kuzilaumu kwa kila kitu, zilizidisha hatua nne tu. Alibadilisha raba, akaweka zile ngumu za plastiki nyeupe zinazouzwa kwa wingi, hatua zikaongezeka, akazirudisha laini, zikapungua. Mama alichora chaki mpaka chaki ikaisha. Chiriku alishuka mara kumi na saba, na kuanzia ya tisa alikuwa anaimba.

Jioni ile fundi aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Raba laini ni bora kuliko ngumu, breki za mikono miwili ni bora kuliko za koleo, za koleo ni bora kuliko za fito, na hakuna breki ya aina yoyote duniani inayoyashinda mafuta ya trei. Jumatatu alfajiri alipanda mteremko na dada yake. Chiriku hakupaka mafuta. Rimu zake zilikuwa kavu, na zilikuwa na michirizi myeusi ambayo raba laini huiacha inaposhika kweli.

Tajiri alikuwa mtu mpole aliyenukia vanila. Alimpokea fundi kwa kiti, akasoma karatasi yote mpaka mwisho, tena akarudia sehemu ya kivuli kulala relini.

"Kazi nzuri hii, fundi," alisema. "Kazi safi kabisa. Sijawahi kuona mtu amelinganisha breki kwa moyo namna hii. Sasa nisaidie jambo moja. Kati ya raba hizi, ipi inaiacha rimu safi?"

"Ile ngumu nyeupe, tajiri. Kwa sababu haishiki."

"Haina hata mchirizi?"

"Hata mmoja."

"Basi nitaagiza hiyo, kwa baiskeli zote," tajiri alisema, akaandika. Alipoona fundi hajainuka, alieleza kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha sababu zake. "Mkate umo ndani ya sanduku, fundi. Mteja haoni mkate. Anachoona kinakuja kutoka juu ni rimu kumi na moja za mbele na kumi na moja za nyuma zinawaka jua. Kizuri chajiuza."

"Na kivuli, tajiri?"

"Kivuli kikitangulia si vibaya. Wateja wanajua mkate unakuja."

Kisha alitoka uani na kitambaa chake. Alipofika kwa Chiriku, kitambaa kilitoka cheusi. Tajiri alikitazama kwa huzuni ya kweli. Alisema kwamba Jumatatu ijayo rimu zile zing'ae au baiskeli ipewe mtu mwingine, na akaongeza kwamba amesikitika, maana Chiriku ndiye alikuwa tegemeo lake. Utepe ulikwenda kwa mtu mwingine.

Chiriku alishuka siku ile na breki zilizoshika, kivuli kikiwa chini yake mahali pake, na alilia njia nzima kwa ajili ya utepe. Alipofika karakanani alikuwa amemaliza kulia na amepata wazo.

"Kaka, ukaguzi ni Jumatatu tu. Siku sita nyingine hakuna anayetazama."

"Jumatatu pia ni siku."

"Jumatatu tutashuka mara moja, tuje kuosha hapa kwako. Wote. Nimeshaongea nao."

Fundi aliuliza kwa nini wasizioshe rimu huko juu baada ya ukaguzi. Chiriku akamjibu kwamba hairuhusiwi kumwaga maji karibu na geti, kwa sababu geti limepakwa chokaa. Akauliza kwa nini wasishuke wakisukuma. Akajibiwa kwamba tajiri husimama kwenye roshani Jumatatu, anawatazama wanavyoteremka kwa mstari mpaka relini, na ndiyo saa yake ya furaha katika wiki. Fundi akaanza kuhesabu ndoo zake.

Ikawa hivyo. Jumanne mpaka Jumapili watu wa kiwandani walishuka na rimu kavu na raba laini, wakazibadilisha Jumapili jioni kwa zile nyeupe, wakapaka mafuta. Walikuwa wachangamfu. Walimletea fundi mikate iliyoungua upande mmoja, na mama alianza kuja Jumatatu na kigoda chake kuangalia, akawa na maoni kuhusu mkao wa kila mmoja. Mshona viatu alipungua kidogo, lakini hakununa, kwa kuwa Jumatatu ilimbakia.

Jumatatu ya kwanza baada ya mvua, fundi aliweka ndoo nne za maji ya sabuni mlangoni na vitambaa kumi na kimoja kwenye kamba. Saa moja na dakika arobaini na mbili vivuli vilianza kuingia. Cha kwanza kilikuwa na kofia pana. Alivisalimia kimoja kimoja, akaviambia viegemee ukuta wa ndani visizuie njia, akavihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja. Mama naye alivihesabu, wakapata hesabu moja.

Honi ya treni ilisikika upande wa stesheni.

Fundi alichukua ndoo moja, akatoka mpaka kando ya reli. Vivuli vilitoka nyuma yake vikasimama naye. Huko juu ya mteremko, rimu zilikuwa zinashuka zote kwa mstari, ishirini na mbili, zimebeba jua. Zilipendeza sana, na alikiri hivyo moyoni. Kisha akaanza kusikia viatu vikikwaruza barabara.

Aliyetangulia alikuwa dada yake, mguu wa kulia umeshuka chini, kofia imerudi nyuma, mdomo wazi kama kawaida.

"Kaka, sogea!" Chiriku alipiga kelele. "Sogea, kaka!"

Fundi akasogea, akaishika ndoo vizuri.