Dereva wa Majambazi Amelala

Gari la majambazi lilikwisha simama mbele ya benki, na Nduwimana bado hajafungua mdomo.

"Tafsiri basi, mzee," Révérien akamchokoza. "Au Australia imekula ulimi?"

Révérien ndiye aliyeitafuta filamu ile kwenye simu, akaiunganisha na televisheni ya rafiki yake huyo, hapa Minto, Australia. Filamu ya Ulaya, ya zamani. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Nduwimana alipoitafsiri, banda la video lilijaa watu mpaka madirishani. Shule aliishia darasa la tatu. Kifaransa cha filamu, neno moja aliliokota, tisa aliyabuni. Lakini tangu amzike mkewe Fébronie, mwaka sasa, alikuwa mtu wa ndiyo na hapana. Barua ya hospitali, ya kumwita marehemu aje kwa upasuaji aliokuwa akiusubiri, ilifika wiki mbili baada ya mazishi. Aliibandika kwenye friji. Wageni waione, wajue wakubwa ni watu gani.

Meneja wa benki akatokea, kitambi mbele, funguo mkononi.

"Huyo!" Nduwimana akafoka kabla hajajizuia. "Mnamsikia? 'Nendeni, mrudi Jumatatu, unga haujafika!' Na shingo yake ya nguruwe!"

Révérien akapiga makofi. "Bwana wa mgao wa kambini, yule yule!"

Binti wa Nduwimana, Armelle, akatoka jikoni na sare yake ya kazi ya kutunza wazee. Sauti ile ya baba yake hakuwa ameisikia siku nyingi. Akakaa taratibu, macho yakashuka kwenye maandishi ya Kiingereza chini ya kioo.

"Papa, hakusema hivyo."

"Kiingereza kinajua nini?"

Majambazi wakarukia ndani ya gari. Aliyeshika usukani alikuwa mwanamke. Hapo sauti ya Nduwimana ikapungua. Alijua daraja linakuja. Kule kambini, risasi ilipompata yule dereva, banda zima lililia, watu waliokimbia risasi za kweli. Yeye hakuweza kuwaambia kwamba amekufa. "Amelala," alisema, "anawadanganya polisi." Msichana wa benchi la mbele akapaza sauti, "Mwongo!", akacheka mpaka akashika mbavu. Ndivyo alivyompata Fébronie. Armelle alisimuliwa na mama yake mara nyingi.

Daraja likafika. Risasi. Kichwa cha dereva kikaangukia usukani.

Révérien akaangalia miguu yake.

"Papa," Armelle akasema polepole, "hapa wameandika amekufa."

"Nani kaandika? Si wakubwa?"

Akainuka. Akachukua kitenge cha Fébronie kilichokuwa kwenye mgongo wa kochi, akakifunga kuizunguka televisheni, chini, kama anayemfunga mtoto mgongoni. Maandishi yakapotea.

"Amelala," akasema. "Kachoka. Kaendesha mbali. Wamwache apumzike."

Armelle akajifuta macho kwa kiganja.

"Mwongo," akasema.

Juu ya ukingo wa kitenge, dirisha la gari lilikuwa wazi, na upepo wa darajani uliendelea kuzichezea nywele za dereva.