Somo la Miguu

Kila Jumanne asubuhi nesi alipanga viti vya plastiki kwenye ukumbi wa kliniki, akaweka mezani kipimo cha sukari, sindano ya insulini na sahani ya kuonyeshea kiasi cha chakula. Somo la miguu lilikuwa la mwisho na mara nyingi halikufikiwa, kwa sababu madaktari waliutaka ukumbi kwa vikao vyao, na nesi hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa.

Jumanne moja mguu wa kushoto wa fundi cherehani, uliokatwa mwezi uliotangulia, uliingia peke yake ukiwa na soksi safi, ukakaa mstari wa mbele. Wagonjwa waliusogezea kiti.

"Mwanafunzi ndio huyu," bibi mmoja alitania. "Hana mdomo wa kubisha."

Wote walicheka isipokuwa nesi. Fundi alikuwa hakosi darasa, alijua kujipima na kujidunga. Hakuna aliyewahi kumwambia akague nyayo zake, na pini ilipomchoma hakuhisi kitu. Nafsi ilimsuta nesi, akajishughulisha na pamba.

Simu yake iliita. Alikuwa mke wa fundi.

"Sista, mguu wa mume wangu upo huko? Umetoka bila kuaga."

"Upo, mama. Umekaa mbele."

"Afadhali. Huu uliobaki una lengelenge kisiginoni, na mwenyewe anasema haumwi. Kuja huko anaona haya. Eti mguu utamsikilizia."

"Mwambie asijali. Leo naanza na miguu."

Akakata simu, akatundika ukutani picha ya unyayo. Daktari mkuu alichungulia mlangoni.

"Nesi, wageni wamefika. Tupishe."

"Sawa, daktari."

Wagonjwa walitoka. Mguu ulibaki kidogo ukielekea ile picha, kisha nao ukashuka ngazi ukirukaruka, watu wakiupisha. Nesi alikusudia kumpigia yule mama jioni. Jioni alikuwa hoi, na kesho yake aliona aibu kupiga akiwa amechelewa.

Mguu haukukosa Jumanne hata moja. Mvua zilipokwisha ulikuja na mwenzake, naye amevaa soksi safi. Nesi aliongeza kiti, akaikaribisha miguu yote miwili bila kuitazama, akaanza na kipimo cha sukari.