Hadi Wote Waitike

Orodha ililetwa mezani kwangu saa tatu kasoro robo asubuhi: majina kumi na tisa, yote ya Kijerumani, na nafasi ya tiki mbele ya kila moja. Basi la watalii, wateja wetu, lilikuwa limepinduka mapema asubuhi hiyo kwenye kona za mlimani, likashika moto. Meneja alinieleza hayo huku akiangalia zulia. Kabla hajamaliza nilimuuliza dereva yuko wapi, maana dereva wa basi hilo alikuwa mdogo wangu, wa tumbo moja, kitindamimba wetu. Nyumbani tulimwita Kitinda hata alipoota ndevu.

Meneja alisema habari za dereva zinashughulikiwa na kampuni yenye basi, sisi tuanze na familia za wateja. Nikampigia Kitinda palepale, simu haipatikani. Nikaipigia kampuni yenye basi, laini inatumika. Nikapiga tena, bado inatumika.

"Maliza orodha kwanza," meneja alisema. "Ukimaliza nitakuwa nimeshapata jibu. Hapa hakuna mwingine wa kutamka majina haya."

Hilo lilikuwa kweli, na ni mimi niliyejitakia. Miaka tisa nyuma ofisi ilinipeleka kusoma kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi huko Ujerumani kiwandani. Tulimwita Mwalimu Mate, kwa sababu waliokaa mbele walirudi nyumbani wameshanawa uso. W ni V, alitufundisha. V ni F. Z ni ts, kama tairi linalotoboka. Ei soma ai, ie soma ii, na asiyeweza kutofautisha hizo mbili aende akauze mchicha. Alisema mgeni anatoka kwao na sanduku na jina lake. Sanduku likipotea tutamnunulia lingine, lakini jina tukilivuruga hatuna duka la kwenda. Wenzangu walicheka. Mimi nililibeba neno hilo kama Msahafu, na tangu siku hiyo nimewasumbua wahudumu, wapishi na madereva bila huruma. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu ofisini anajua.

Aliyesumbuliwa kuliko wote ni Kitinda. Kazi ya udereva nilimtafutia mimi. Kabla ya kila safari alikuja kwangu na orodha, anakaa kwenye meza ya jikoni na kikombe cha chai, namsomesha jina moja moja huku nagonga meza na kijiko. Safari hii lilimshinda jina la Bi Vöhringer. Nilimwambia aweke midomo kama anataka kusema o, halafu kwa ndani aseme e. Ile h aisahau kama deni la marehemu. Kisha ng' ya ng'ombe, na mwisho er inafifia, inakuwa a hafifu. Alijaribu, akatoa sauti ya mtu aliyeungua ulimi. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

"Hili lina meno, dada," alisema.

"Litafune hivyohivyo."

Akalirudia mara ishirini, mara thelathini, hadi likatoka safi kuliko langu.

Na kulikuwa na sheria, nayo ni yangu, niliitunga baada ya dereva mmoja kuhesabu vichwa na kumwacha babu wa watu chooni kwenye kituo cha mafuta. Vichwa havihesabiwi. Dereva anasimama mlangoni na orodha, anaita kila jina, anangoja mwenyewe aitike, na gari haliondoki hadi wote waitike. Kitinda aliniuliza jikoni, kwa utani, na mmoja asipoitika je? Nikamwambia unarudi unamtafuta, huo si mswada wa kujadili. Kwetu mama alitulea na neno moja: kataa neno, usikatae wito. Mtu akiitwa anaitika.

Basi nikaanza kupiga simu. Kadiri nitakavyomaliza haraka, niliwaza, ndivyo nitakavyojua haraka. Watatu walikuwa wamekufa: Vogt, Schulze na Wiese. Kumi na watano walikuwa hospitalini. Mbele ya Bi Vöhringer mtu alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Dereva hakuwa na mstari wake, kwa kuwa orodha ile ni ya wateja.

Nilianza na waliokufa. Kijerumani changu ni cha simu, kinatosha kusema mambo mabaya kwa adabu. Mke wa Vogt aliniomba nirudie jina, nikarudia, akasema ndiyo, huyo ni wa kwangu. Mtoto wa Schulze alisema nimelitamka vizuri sana, akanishukuru, halafu akakata simu kama aliyeungua. Kwenye orodha kulikuwa pia na Weise, aliyevunjika mkono tu, chini kidogo ya Wiese. Niliweka rula chini ya mstari ili kidole kisiniteleze nikamwua mtu aliye hai. Kati ya simu na simu nilimpigia Kitinda. Haipatikani.

Ilipofika saa sita nilikuwa nimebakiza jina moja, lile lenye meno. Nilitakiwa kumpigia binti yake na kumwambia kwamba mama yake hajaonekana. Nilikuwa nimeshika mkonga wa simu pale mwenzangu wa mapokezi aliponiambia kuna zahanati iko kwenye laini, wana mama mmoja wa Kizungu aliyeokotwa na dereva wa lori akitembea peke yake barabarani, haelewani na mtu.

Nikaomba apewe simu, nikamwita kwa jina lake. Akaanza kulia kabla sijafika mwisho wa jina.

"Unalisema kama yeye," alisema. "Kama dereva."

Nikamwambia polepole kwamba dereva yule ni mdogo wangu, na kwamba naomba aniambie alimwona wapi mara ya mwisho. Kisha akanieleza, na alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa akijisomea mashtaka yake tangu asubuhi. Basi lilipolala ubavu, dereva alivunja kioo cha nyuma akaanza kutoa watu. Hata wale waliokufa aliwatoa akawalaza pembeni. Moshi ukawa mwingi. Akasimama barabarani, shati limeungua begani, akaanza kuita majina. Orodha hakuwa nayo, aliita kwa kichwa. Wengine wote waliitika, na wasioweza kuitika aliwagusa.

"Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyasi," alisema. "Sijui nilifikaje pale. Nilimsikia. Aliniita vizuri kabisa, kama mama yangu alivyokuwa akiniita. Nilitaka kujibu, mdomo ukakataa kufunguka."

"Aliita mara ngapi?"

"Mara tatu. Halafu akarudi ndani."

"Akatoka?"

"Hapana."

Nilimuuliza kwa nini hakuitika. Nilimuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mteja, wala kwa mbwa. Mtu umekaa kwenye nyasi, unasikia jina lako linaitwa na mtu anayeungua, unashindwaje kusema hata neno moja? Hakujitetea. Alisema hajui, hajui, akabaki analirudia hilo hadi muuguzi alipoichukua simu. Nilimchukia mama yule kwa moyo wangu wote. Kisha nikakumbuka kijiko changu kikigonga meza, na chuki ikanirudia mwenyewe.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Tangu saa mbili."

Baadaye kidogo alisema familia zile zisingepata mtu mwingine wa kuzungumza nazo vile, na nadhani alidhani ananisifu. Ningekuwa na nguvu ningemrushia simu. Nilichukua kalamu, chini ya jina la kumi na tisa nikaandika jina kamili la mdogo wangu, pamoja na la baba.

Bado nilikuwa na simu moja ya wateja. Yule binti hakunikosea kitu. Nilimpigia, nikalitamka jina la mama yake kama nilivyofundishwa, nikamwambia yu hai, yuko zahanati, ana michubuko na mshtuko. Alicheka na kulia kwa pamoja. Alinibariki mimi na watu wote wa nyumbani kwangu. Nikaweka tiki.

Halafu nikapiga nyumbani.

Nilipiga kwa simu ya mezani, kwa sababu yangu ilikuwa imekwisha chaji kwa kumtafuta Kitinda. Sikufikiri. Kila alipotoka safari mdogo wangu alikaa kwenye kiti changu akampigia mama kwa simu ileile, maana simu yake haikuwahi kuwa na salio tangu ainunue, na mama aliijua namba. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kurudi.

Iliita mara moja tu.

"Kitinda," mama alisema, kwa furaha. "Umeshafika?"

Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyapanga moyoni kabla ya kupiga. Nilikuwa nimewapa watu habari za vifo vitatu asubuhi ileile, kwa lugha isiyo yangu, bila kukosea herufi. Nilifungua mdomo na hapakutoka kitu.

"Kitinda?"

Nyuma yake redio ilikuwa inaongea. Akaipunguza sauti.

"Kitinda, itika basi, mwanangu."

Aliita mara ya tatu. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.