Gitaa, Waya na Penseli ya Seremala

Mama Nyuzi aligundua siku ya Jumapili, alasiri, akiwa na kitambaa mkononi. Alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni, gitaa mapajani, analipangusa vumbi, hata uzi mmoja hajaugusa. Mumewe, kwenye kiti chake sebuleni, akatikisa kichwa taratibu na kusema, "Huo wimbo, mama, huwa unanikosha roho."

Wimbo gani? Kile kilikuwa kitambaa tu.

Mama Nyuzi akaendelea kupangusa. Jina hilo alipewa na wateja wake, maana mchana alishinda na nyuzi za cherehani na jioni na nyuzi za gitaa. Mumewe alikuwa seremala, na kwa miaka thelathini na kitu alisimama kando ya msumeno wa umeme. Msumeno ulikuwa umemla masikio kidogo kidogo, kama panya na gunia. Ukimtazama usoni ukamwambia jambo, alikuelewa. Lakini gitaa la nyuzi za nailoni halipigi kelele, na kumbe kwa muda usiojulikana mzee wa watu alikuwa akisifia mikono anayoiona, si nyimbo anazozisikia. Alifanya hivyo ili asimvunje moyo mkewe. Mwanamume mzima, kudanganya kwa adabu namna ile!

Lakini na yeye Mama Nyuzi hakuwa malaika. Miaka minne nyuma gitaa lile lilipasuka ubao wa mbele, na Seremala akajitolea kulitengeneza. Alilitengeneza kama anavyotengeneza meza: akabandika plaiwudi nene kwa ndani, akamwaga gundi bila uchoyo, akalibana siku tatu. "Hili halipasuki tena mpaka kiama," akasema. Na kweli halikupasuka. Ila tangu siku hiyo lilisema kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Mama Nyuzi alimwambia limerudi kama jipya. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na waongo wawili, na wote walikuwa wanapendana.

Jumapili ile akaamua. Atatafuta gitaa la nyuzi zilezile laini, lakini la kuchomekwa waya, sauti itoke kwenye spika hata kiziwi ageuke. Yeye alimwambia mumewe kuwa ni la kikundi chake cha muziki cha Jumamosi, ambako kinanda kilikuwa kinammeza mzima mzima. Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini kilichomtoa nyumbani ni kimoja tu: alitaka mumewe amsikie tena.

Duka alilokwenda na mumewe lilikuwa chumba kirefu chembamba, magitaa yamening'inia ukutani kama nguo kwa dobi. Muuzaji alikuwa bonge la mtu mwenye kisauti chembamba. Akamwangalia mama vidole, akasema, "Una vidole vifupi, mama. Umekuwa ukipiga gitaa la shingo pana?"

"Miaka ishirini. Nimezoea shida."

La kwanza alilompa lilikuwa kama la nyumbani kabla ya ajali: tumbo nene, shingo pana, sauti tamu. Lakini halikuwa na pa kuchomeka waya. La pili lilikuwa jembamba kama ubao wa kukatia mboga. Kwenye waya lilinguruma vizuri, ila ukilipiga kavu lilitoa sauti ya mbu aliyechoka. La tatu lilikaa katikati. Tumbo lake lilikuwa wazi ndani, jembamba kidogo, limekatwa bega moja ili mkono ufike chini. Shingo nyembamba yenye mgongo wa duara. Kidole kidogo cha Mama Nyuzi kikafika mahali ambapo hakijawahi kufika bila kuomba msaada.

"Hilo lina kazi mbili," muuzaji alisema. "Nyumbani unalipiga kavu. Ukumbini unachomeka."

"Chomeka," akasema Mama Nyuzi. "Na fungua sauti, usinionee huruma."

Akapiga wimbo aliokuwa akimpigia mumewe tangu enzi za uchumba. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Seremala alikuwa amekaa juu ya kasha, penseli sikioni kama kawaida yake, anatikisa kichwa na kutabasamu.

"Unasikiaje?" akamuuliza alipomaliza.

"Safi kabisa!"

Mama Nyuzi alilitambua tabasamu lile. Ndilo la siku ya kitambaa. Akapiga moyo konde, akaenda kusimama mbele yake ili aone midomo. "Mume wangu, leo tusidanganyane. Jumapili ile sikuwa napiga wimbo. Nilikuwa napangusa vumbi."

Seremala akatazama viatu vyake. Muuzaji naye akapata ghafla kazi ya kupanga nyaya.

"Nasikia kishindo," Seremala akasema mwishowe. "Kama watu wanagombana ndani ya pipa. Sauti ipo, mama. Wimbo ndio haupo."

Moyo ukamshuka Mama Nyuzi. Alikuwa ameweka matumaini yote kwenye waya ule, na waya umeleta fujo tu. Akachomoa, akalikalisha gitaa mapajani, hana hamu hata ya kulirudisha ukutani.

"Ngoja kwanza," Seremala akasema.

Akatoa penseli sikioni, akauma ncha moja, na ile butu akaielekeza kwenye ubao wa gitaa. Karakana nzima iliijua tabia yake hiyo. Akitaka kujua kama kiungo kimeshika au kina upenyo ndani, huuma penseli, hugusisha kwenye mbao, kisha hugonga. Jibu humfikia kwa meno, bila kupitia sikioni.

"Mzee, vanishi!" muuzaji akapiga yowe.

"Nimeshika mbao tangu hujazaliwa," Seremala akajibu bila kufungua meno. "Piga, mama. Polepole."

Mama Nyuzi akapiga, bila waya, polepole. Alifika mstari wa pili kabla hajathubutu kumtazama. Mumewe alikuwa amefumba macho, ameinama mpaka kipara chake kinakaribia kumgusa shavu, na kidole chake kinahesabu mapigo gotini. Safari hii kilikuwa kinahesabu sawasawa. Ulipofika mahali ambapo wimbo hupumzika kidogo kabla ya kurudi, kidole nacho kikapumzika. Machozi yakamlenga Mama Nyuzi, akakosea nyuzi mbili.

"Umekosea," Seremala akasema, penseli mdomoni.

Mama Nyuzi hakuwa amewahi kukosolewa akafurahi vile.

Wakajaribu yote. La pili, lile jembamba, Seremala alilitolea hukumu mara moja: "Maiti." Akarudi kwenye la tatu, akaligusa hapa na pale, kisha akaondoa penseli mdomoni, uso umebadilika. "Mke wangu. Lile la nyumbani, nililiua?"

"Uliliua kabisa, mume wangu. Ukalizika na plaiwudi."

"Na ukasema limerudi kama jipya!"

"Na wewe ukasema nakukosha roho kwa kitambaa!"

Wakacheka mpaka muuzaji akacheka nao, ingawa hakujua nani kafa. Wakaondoka na la tatu, pamoja na spika ndogo ya kuonyeshana ubabe na kinanda siku za Jumamosi.

Jioni hiyo Seremala hakukaa kwenye kiti chake. Alisogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akachonga penseli mpya, akaiuma, akaigusisha kwenye ubao. Mama Nyuzi akachukua kitambaa na kulipangusa gitaa taratibu, juu na chini, uso wake umetulia kama mtu yuko katikati ya wimbo.

Seremala akasikiliza kidogo, akatoa penseli mdomoni.

"Anza basi, mama," akasema. "Hapo unapangusa tu."